Mtu akitoka kabla Yesu hajafa, mwacheni atoke

Kama umekulia Eastlands, filamu ya mateso ya Yesu umeiona hata kama hukupanga. Umeiona kwa runinga ya jirani siku ya Ijumaa Kuu, watoi kumi mmebanana kwenye kochi moja. Umeiona kanisani kwenye shuka jeupe lililopigiliwa ukutani, projekta ikitoa joto kama jiko. Umeiona kwenye matatu ya kutoka Kayole, kwa simu ya mtu uliyekaa naye, sauti imezimwa, na bado ukajua wamefika wapi. Hii muvi tunaijua kwa moyo, lakini sijawahi kuona watu wakikaa chini waongee kuihusu. Huwa tunalia, au tunacheka, au tunalala, halafu tunaenda kunywa chai.

Leo wacha tuongee.

Ziko nyingi, lakini mtaani ni mbili tu zinazojulikana. Ya kwanza ni ile ya 1979 inayoitwa Jesus, ambayo Yesu ni Mwingereza Brian Deacon. Inafuata Injili ya Luka, na imetafsiriwa kwa lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili kikiwemo. Hii ndiyo wazazi wetu walionyeshwa uwanjani, gari linakuja na jenereta na spika, na ikiisha mhubiri anaita watu mbele. Sijawahi kusikia mtu akigombana kwa sababu yake. Yesu anaongea Kiswahili safi kumshinda mwalimu mkuu, anasulubiwa bila damu nyingi, anafufuka, mnarudi nyumbani.

Ya pili ni The Passion of the Christ ya Mel Gibson, iliyotoka Jumatano ya Majivu, Februari 25, 2004. Inachukua dakika 127, na karibu zote ni zile saa kumi na mbili za mwisho. Waigizaji wanaongea Kiaramu, Kilatini na Kiebrania, na wewe unasoma maandishi chini ya skrini kama unaweza kuyafuata. Ile ya kupigwa mijeledi peke yake inakaribia dakika kumi. Hii ndiyo iliyogawanya Wakristo duniani, na kila Pasaka bado inagawanya ploti yetu hapa Umoja.

Nikuonyeshe inavyotugawanya.

Mathe ni Mkatoliki. Kwake hii si muvi, ni Njia ya Msalaba iliyowekwa ndani ya runinga. Kila Ijumaa ya Kwaresima wanapita vituo 14, na Ijumaa Kuu vijana wa parokia wanavaa kama askari wa Kirumi, mapanga ya katoni, wanatembea na msalaba katikati ya mtaa huku watu wa mboga wakisogeza vibanda wapite. Yesu anaanguka mara tatu, Veronika anampangusa uso kwa kitambaa. Veronika hayuko kwenye Biblia, lakini yuko kituo cha sita, na yuko kwa Gibson, ambaye mwenyewe ni Mkatoliki wa msimamo wa kale. Kwa hivyo Mathe anaitazama kama mtu anayesali rozari, midomo inasonga pole pole. Halii hata kwenye mijeledi. Analia mahali pamoja tu: Yesu ameanguka na msalaba, na Maria anakumbuka siku alipoanguka akiwa mtoto mdogo, anakimbia kumwinua. Hapo Mathe anafunga macho. Mimi ni kifungua mimba wake, niliyeacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hapo huwa simwangalii usoni.

Jirani wetu wa mlango wa bluu ni mlokole moto. Yeye anaitazama na Biblia kwenye mapaja, na kila dakika anasimamisha. "Hiyo ya Veronika iko mstari gani? Na huyo kunguru anayedonoa mwizi jicho, ni Mathayo au Marko?" Hakuna, kweli. Gibson alichota mengine kwenye maono ya mtawa wa Ujerumani, Anne Catherine Emmerich. Lakini kinachomkasirisha jirani zaidi ni mwisho. Ufufuo unachukua kama dakika moja hivi: jiwe linasonga, sanda inalegea, Yesu anasimama, tundu la msumari linaonekana kwa mkono, basi, majina yanaanza kupanda. Mwaka fulani alisimama akauliza ukuta, "Ndio hiyo tu?" Unamwelewa. Kodi yake anailipa kwa imani ya Yesu aliyefufuka, sasa wewe umemwonyesha saa mbili za kupigwa na dakika moja ya ushindi. Nasikia Gibson anaandaa filamu nyingine ya ufufuo. Jirani yangu anaingoja kama mshahara.

Juu yetu anakaa ndugu ambaye ni Shahidi wa Yehova. Yeye haji kabisa. Anakuambia kwa upole kwamba Yesu alikufa kwenye mti wa mateso uliosimama wima, si msalaba, kwa hivyo kwake picha imekosea kabla hata hujafika kwenye damu. Anakuachia trakti na kushuka ngazi.

Halafu kuna mama wa chumba cha kona, wa Legio Maria. Hawa walijitenga na Kanisa Katoliki kule Nyanza miaka ya sitini, na wakashikilia sala za Kilatini hata baada ya Wakatoliki wenyewe kuanza kusali kwa lugha za kwao. Sasa fikiria yeye kwenye ile sehemu ya mijeledi. Askari wa Kirumi wanahesabu viboko kwa Kilatini, mmoja, wawili, watatu, huku wakicheka. Lugha anayoisikia kila Jumapili mbele ya altare, leo iko mdomoni mwa watesi. Aliniambia mara ya kwanza alidhani masikio yake ndiyo mabaya. Na hapo hatujafika kwenye rangi. Kwa waumini wengi wa Legio Maria, Masiya amekuja pia akiwa mtu mweusi, Baba Simeo Ondeto. Ukimwonyesha Yesu Mzungu hagombani nawe. Anakuangalia tu, kama mtu anayekuonea huruma.

Rangi ndiyo vijana wa base wanashikilia zaidi. "Huyu si Yesu, huyu ni mtalii." Sawa, lakini tuseme ukweli wote. Gibson alijaribu kidogo: Jim Caviezel aliwekewa pua ya bandia, na macho yake ya bluu yakabadilishwa kwa kompyuta yakawa ya kahawia. Yule mwenye macho ya bluu aliye kwenye kalenda ya sebuleni kwenu mara nyingi ni Robert Powell, mwigizaji wa Uingereza kwenye Jesus of Nazareth ya 1977. Kuna nyanya wengi Nairobi wanaosali mbele ya picha ya mwigizaji ambaye bado yuko hai. Hilo ni somo la siku nyingine.

Na kuna wale wanaocheka. Usijifanye huwajui, labda ni wewe. Nyuma kabisa ya ukumbi, wasee watatu wanahesabu viboko pamoja na askari, wanasema "uuui" kila mjeledi ukitua, wanaicheki kama muvi ya vita. Wazee wanawakodolea macho. Mimi sikuwahi kuwaona kama wabaya. Mtu aliyezoea kuona damu Jumanne asubuhi akienda kununua mkate hujifunza kucheka ili asitapike.

Mpaka hapo unaweza kusema ni mambo ya madhehebu tu, kila mtu na kanisa lake. Mimi pia nilidhani hivyo mpaka Ijumaa Kuu iliyopita.

Tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa moja, jina nitaliacha. Taa zimezimwa, watu wamejaa hadi madirishani, watoto wameketi chini mbele kabisa, hatua mbili kutoka kwa shuka. Filamu ilipofika kwenye uwanja wa Pilato, umati ukianza kupiga kelele, msee mmoja ninayemjua akasimama. Anauza viatu vya mtumba, hana maneno mengi. Alipita katikati ya magoti ya watu akaenda mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, na mzee wa kanisa amesimama hapo.

"Kaa chini kijana. Yesu alikuvumilia, wewe huwezi kumvumilia dakika tano?"

"Mzee, naomba nipite."

"Ni nini hicho ndani yako hakitaki kuona damu ya Yesu?"

Watu wakageuka. Mama mmoja akaanza kukemea kwa sauti ya chini. Mwishowe alifunguliwa, akatoka. Kabla Yesu hajafika Golgotha, nusu ya ukumbi ilikuwa imeamua: yule kijana ana pepo. Jumapili iliyofuata nilisikia hadithi imeshanona, eti alikuwa anatoa povu.

Sasa nikuambie kile ambacho wengi mle ndani walikijua na hawakukiunganisha. Kakake mkubwa aliuawa na umati, miaka saba iliyopita, kwenye njia ya nyuma ya hiyo hiyo mitaa. Mtu alipiga kelele "mwizi!", ikawa ni simu imeibwa, na watu wakaja. Hadi leo hakuna anayejua simu ilikuwa ya nani. Hakukuwa na kesi wala polisi, na hakuna aliyeuliza swali hata moja. Katiba yetu ya 2010 inasema kwenye kifungu cha 26 kwamba kila mtu ana haki ya kuishi, na cha 50 kwamba kila mtu ana haki ya kusikizwa kwa haki. Siku hiyo hakuna aliyeikumbuka katiba. Watu walikumbuka mawe.

Nilikuwepo. Si chini, nilikuwa ghorofa ya tatu kwenye roshani, na kikombe cha chai mkononi. Sikurusha jiwe. Sikupiga kelele yoyote. Pia sikusema "acheni", wala sikupiga simu, na nilikuwa na salio. Nilitazama mpaka ikaisha kisha nikaingia ndani. Sijawahi kuandika hili mahali popote.

Kwa hivyo yule msee aliposimama pale umati ulipoanza kupiga kelele, hakuwa anakimbia damu ya Yesu. Mijeledi ilikuwa imeshapita na alikuwa ameketi. Kilichomtoa ni sauti. Sauti ya watu wa kawaida, wenye watoto, wenye biashara, waliokubaliana kwa dakika moja kwamba mtu fulani afe. Sisi wengine tulikuwa tunaangalia Yesu. Yeye alikuwa anawaangalia hao wengine, na anawajua, kwa sababu baadhi yao walikuwa wameketi naye kwenye benchi.

Filamu hii ilipotoka, ng'ambo walibishana sana kuhusu huo huo umati. Mashirika ya Wayahudi kama Anti-Defamation League yalisema inaweza kuchochea chuki dhidi yao, na hawakuwa wanaota: Ulaya, kwa karne nyingi, michezo ya Pasaka ya mateso ya Yesu ilifuatwa na Wayahudi kupigwa na kuuawa na Wakristo waliotoka kuitazama. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka mwaka 1965 kwamba Wayahudi wote hawawezi kulaumiwa kwa kifo cha Yesu. Gibson mwenyewe aliondoa maandishi ya tafsiri ya yale maneno ya umati kwenye Mathayo 27:25, ingawa sauti ya Kiaramu ilibaki. Na Maria wa filamu hiyo, Maia Morgenstern, ni Myahudi wa Romania, na aliitetea.

Huku kwetu swali hilo lilipita juu kama ndege ya Wilson. Hatuna Wayahudi wa kuchukia kwenye ploti, kwa hivyo umati kwenye filamu kwetu hauna mwenyewe. Ni watu wa zamani, wenye vilemba, wanaoongea Kiaramu. Tunamlaani Yuda, tunamlaani Pilato, tunawalaani askari. Umati hatuulaani wala hatuuoni. Ndiyo maana tunaweza kulia saa mbili kwa ajili ya mtu aliyeuawa bila kesi ya haki, halafu Jumatatu ya Pasaka mtu akipiga kelele "mwizi!" pale stejini, tukakimbia kuelekea kelele.

Hata Simoni wa Kirene tunampita haraka. Kirene iko Libya ya leo, kwa hivyo huyu ni Mwafrika wetu, na hilo wahubiri wanapenda kulisema. Lakini angalia alivyoingia kwenye hadithi. Marko anasema alikuwa anapita tu, ametoka shamba. Yaani jamaa ametoka shagz, ameshuka basi Machakos, hajui kuna nini mjini, na askari wamemshika kwa nguvu, beba hii. Kwenye filamu anakataa kwanza, anasema kwa sauti kwamba yeye hana kosa, watu wote wajue. Baadaye, katikati ya njia, ni yeye anayewaambia wakomeshe kumpiga Yesu, la sivyo habebi tena. Mtu mmoja tu, aliyelazimishwa, ndiye aliyesema "acheni". Nilipoiona tena baada ya ile Ijumaa, ile sehemu ndiyo iliyonifanya nizime laptopu.

Najua utaniambia nini. Utasema watu wameokoka kwa filamu hii. Ni kweli, siwezi kukana. Binamu yangu aliitazama usiku mmoja Dandora na chang'aa hajarudia tangu hapo, na mke wake anaishukuru DVD hiyo ya shilingi hamsini kuliko anavyomshukuru pasta. Utasema pia kwamba mateso yalikuwa makali kweli, Warumi hawakuwa wakicheza, na kuyapunguza ni kudanganya. Hilo pia nakubali.

Nisichokubali ni kupima imani kwa machozi. Tumefika mahali ambapo aliyelia ameguswa, asiyelia ana moyo mgumu, aliyecheka ni mpagani, aliyetoka ana pepo. Sadaka inapitishwa taa zikiwa bado hazijawashwa, na pua bado zinavutwa. Ukiniuliza, hiyo ni biashara ya machozi, na biashara hiyo haina nafasi ya mama wa Legio Maria aliyeshtuka kusikia lugha yake ya sala, wala ya Mathe anayelilia mahali pasipo na damu, wala ya msee wa viatu. Hakuna aliyewahi kuwauliza wameona nini. Wangeulizwa, kanisa lingejifunza kitu kuhusu watu wake.

Na watoto jamani. Marekani filamu hii ilipewa daraja la R, mtoto wa chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima, na mwaka 2005 Gibson mwenyewe alitoa toleo lililokatwa dakika chache za ukatili. Sisi tunawaketisha watoto wa miaka sita mstari wa mbele kwa sababu ni wafupi. Mimi niliionyeshwa nikiwa na miaka minane. Nilipofunika macho, mwalimu wa shule ya Jumapili alinishika kidevu akaniinua uso. Niliogopa msalaba wa kanisani kwa muda mrefu, nikawa napita upande wa pili wa barabara. Sikumpenda Yesu zaidi kwa ajili hiyo. Niliwaogopa wakubwa.

Kwa hivyo wewe ambaye uko kwenye kamati ya vijana, wewe ndiye unayetafuta projekta na kuomba stima ya jirani, Pasaka ijayo iko mikononi mwako. Onyesheni hiyo filamu mkitaka. Wadogo wawekeni chumba kingine na ile ya 1979, watatosheka. Washeni taa ikiisha, kabla ya kapu la sadaka, na mpeane nusu saa watu waongee: uliona nani, ulikuwa nani, ni wapi ulishindwa kutazama. Mtu mwenye kakake aliyeuawa na umati akitaka kuongea mbele ya watu walewale, mpeni maikrofoni. Asipotaka, mpeni njia ya kutoka.

Mwezi uliopita nilimkuta msee wa viatu akipanga bidhaa zake chini ya mwavuli. Sikuwa nimemwambia kamwe kuhusu ile roshani. Nilimwambia. Alinyamaza, akafunga kamba za kiatu kimoja, akafunga za kingine. Kisha akasema alikuwa anajua. Alikuwa ameinua macho siku ile akaniona na kikombe.

Nilimuuliza kama atakuja kanisani tena. Akasema atakuja, bora akae karibu na mlango, na mlango usifungwe.

Usiku huo niliandikia kamati ya kanisa ujumbe kwa WhatsApp, nikaomba kitu kimoja tu, lile komeo litolewe. Alama mbili zimegeuka bluu. Bado nangoja jibu.